Unyayo wa Nunda: namna ya kusoma alama za mnyama asiyejulikana kando ya Ziwa Jilore

Masika yakikatika na maji ya Sabaki yakirudi mtoni, tope la Ziwa Jilore hubaki wazi kutoka ukingo wa ziwa hadi karibu na mashamba ya mahindi. Wiki hiyo ndiyo wiki ya maneno. Mmoja kaona unyayo mpana kama sahani ya wali. Mwingine kasikia mlio usiku upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Wa tatu mbuzi wake kaliwa, pembe zimebaki. Kabla ya adhuhuri mnyama ameshapewa jina, na jina lenyewe huwa nunda.

Sisi wa pwani tumelelewa na nunda. Bibi zetu walitusimulia habari za paka wa sultani aliyeanza na kuku, akapanda kwa mbuzi, akafika kwa ng'ombe, mwishowe akala watu. Kijana aliingia msituni kumsaka, akawa anatoka na mzoga baada ya mzoga, na kila mara mamake akimtazama mnyama yule na kumwambia kwamba huyu siye. Mimi katika hadithi ile nampenda yule mama. Alijua anachokitafuta, na hakukubali mnyama yeyote tu aliyeletwa mbele yake.

Naandika mwongozo huu kwa sababu moja kubwa. Huku kwetu Kilifi, neno "mnyama asiyejulikana" halikai peke yake siku mbili. Siku ya tatu utaambiwa kwamba huyo hakuwa mnyama, alikuwa mtu aliyejigeuza. Na mtu huyo kila mara ni mzee mwenye mvi, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Wazee wameuawa kwa maneno ya namna hiyo. Wengine wamehama makwao na hawajarudi. Unyayo uliosomwa vizuri asubuhi unaweza kuyakata maneno kabla ya jioni, na kazi hii yaweza kujifunza hata mtoto wa darasa la sita.

Kabla hujatoka

Ukitaka kuingia ndani ya msitu wenyewe, pitia kituo cha msitu cha Gede, kwenye barabara ya Malindi kwenda Mombasa, au kituo cha Jilore, ulipe na uandikishwe. Msitu ule ni hifadhi tangu 1943. Una eneo la takriban kilomita za mraba 420, na ndani yake mna ndovu na nyati. Usiingie bila mtembeza wageni au askari wa msitu. Kingo za ziwa na mashamba ni mambo mengine: hapo omba ruhusa kwa mwenye shamba na umwarifu mzee wa kijiji, ili mtu asije akakuuliza unachimba nini karibu na zizi lake.

Na kama uko Lamu, tope la Witu na Mpeketoni linasomeka vivyo hivyo. Lakini msitu wa Boni usiende kwa ajili ya kutafuta nyayo. Hali ya usalama kule inajulikana, na hakuna unyayo unaostahili roho ya mtu.

Vitu vya kubeba ni vichache: gambuti, rula ya shule, utepe wa fundi cherehani, daftari na penseli (kalamu ya wino huloa), simu yenye chaji, kisu, mipira ile ya kufungia noti, fimbo nyoofu ya mita moja na nusu, na kilo mbili za plasta ya Paris. Plasta hii ni unga mweupe wanaotumia mafundi wa dari. Maduka ya vifaa vya ujenzi mjini Malindi wanayo. Gambuti usizipuuze hata kama umezoea kutembea pekupeku: maji yaliyotuama yana kichocho, na kifutu hulala katika majani makavu pale pale unapotaka kukanyaga. Nendeni wawili au watatu. Wakizidi watano, mtazikanyaga alama mlizozifuata.

Saa ya kutazama

Toka saa 12:30 asubuhi, na ikifika saa 3 rudi nyumbani. Jua likiwa chini, kila kishimo huwa na kivuli chake, na unyayo uliokuwa hauonekani hujitokeza. Saa 6 mchana unaweza kusimama juu ya unyayo wa chui usiuone. Jioni, baada ya saa 10, kuna nafasi nyingine. Simama ili unyayo uwe kati yako na jua. Ukilipa jua mgongo, vivuli vinakwisha.

Usianze kwa kuzurura. Tope jingi halishiki alama: likiwa majimaji unyayo hujifunga wenyewe, likikauka sana mguu hauzami. Tafuta ukanda wa katikati, tope lililoshikana kama unga wa chapati uliokwisha kukandwa. Ukanda huo huzunguka ziwa kama ukosi wa shati, na kila wiki husogea kufuata maji. Ndani ya msitu, tazama kando ya vidimbwi vya msimu, na penye miti ya mrihi kwenye mchanga mweupe, ambao baada ya manyunyu hushika hata mguu wa panya.

Ukiuona

Simama. Usiite watu. Usiseme jina la mnyama, hata moyoni kama unaweza. Naomba hili ulichukulie kwa uzito wote, maana jina likishatoka mdomoni macho huanza kulitafuta jina hilo kwenye tope.

Sir Harry Johnston, Mwingereza aliyekuwa kamishna wa Uganda, alikumbwa na hilo. Mwaka 1900 alikuwa katika misitu ya Kongo akimtafuta mnyama ambaye Wambuti, wenyeji wa misitu hiyo, walimweleza, na akilini mwake alikuwa ameshaamua kwamba ni aina ya punda au farasi. Wenyeji wakamwonyesha nyayo. Zilikuwa na kwato zilizopasuka sehemu mbili kama za ng'ombe. Akakataa kuwaamini, kwa kuwa farasi hana kwato za namna hiyo. Mwaka 1901 mnyama huyo alipewa jina rasmi la kisayansi: ni okapi, ndugu wa twiga, na kwato zake zimepasuka. Wenyeji walikuwa wamemwonyesha mnyama mwenyewe, naye akatazama mahali pengine.

Basi fanya kwa utaratibu huu. Kwanza piga picha kutoka juu moja kwa moja, rula ikiwa kando ya unyayo, kisha nyingine kwa pembeni ili kina kionekane. Picha isiyo na kipimo haina faida. Hata mbwa anaweza kuwa simba. Pima urefu na upana, ukianzia chini ya shimo, pale mguu ulipokaa, usipime mdomo wa shimo uliopanuka. Hapa ndipo wengi hukosea. Hesabu vidole. Angalia kucha. Kisha chora. Ndiyo, chora kwa mkono, hata kama una simu ya bei kubwa. Mkono ukichora, jicho hulazimika kuuliza kidole hiki kinaanzia wapi, na hapo ndipo utakapoona ulichokuwa hujakiona.

Sasa vidole. Jamii ya paka, kuanzia paka-mwitu na chui hadi simba, wengi huacha vidole vinne visivyo na kucha, maana kucha huzirudisha ndani wanapotembea. Na kitanga chao kwa nyuma kina mapindo matatu. Paka wa nyumbani ni sentimita 3 hivi, chui ni karibu na 9, simba hupita 11. Mbwa ana vidole vinne pia, lakini kucha zinaonekana na unyayo una umbo la yai. Ukiweka vijiti viwili vikikatana kama msalaba juu ya unyayo wa mbwa, vitapita kati ya vidole na kitanga bila kukigusa kitanga. Kwa paka havipiti. Fisi ana kucha butu, kitanga chake kimekaa upande, na mguu wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma, kiasi kwamba mtu asiyejua huapa kwamba walipita wanyama wawili. Nyegere ana vidole vitano, na kucha za mbele ndefu zinazochoma tope mbali na vidole vyenyewe. Fungo ana vitano, lakini cha ndani mara nyingi hakigusi chini.

Nyani nimtaje peke yake. Mguu wake wa nyuma kwenye tope hufanana na mguu wa mtoto mdogo, ila kidole gumba kimeachana na wenzake. Nimemwona mama wa watoto wawili akilia mbele ya unyayo huo akidhani ni mtoto aliyepotea. Tulipokwenda hatua nne mbele tukaukuta na mkono wake, umeweka vidole vinne chini. Mtoto hatembei hivyo.

Kwa wale wa majini: kiboko huacha vidole vinne vinene vilivyotawanyika, na njia yake ni mifereji miwili yenye tuta katikati. Kenge huburuza mkia ukawa kama uzi unaopindapinda kati ya miguu. Mamba hufanya vivyo hivyo, lakini mburuzo wake ni mzito, na penye alama ya tumbo usikae hata dakika moja. Ndovu hana haja ya maelezo. Ila ukizungusha uzi kwenye ukingo wa unyayo wa mguu wake wa mbele na kuuzidisha urefu huo mara mbili, utapata karibu na kimo chake begani.

Namna tope linavyodanganya

Hiki ndicho kiini, na nitakaa hapa kidogo.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja upande wa Kakoneni, mbuzi watatu waliliwa kwa juma moja. Unyayo uliooneshwa watu ulikuwa na upana wa sentimita 15. Hakuna chui wa sentimita 15. Neno nunda lilikuwa limeshapita, na jina la bibi mmoja mjane lilikuwa limeanza kutajwa vijiweni. Nilikwenda na mzee mmoja Msanya, wa kabila la Wasanya, ambaye babu zake walikuwa wasasi wa ndovu. Akautazama ule unyayo kwa muda mfupi sana, akaniambia, "Mwanangu, huu umekaa juani. Twende kivulini."

Tukafuata mstari ule ule wa nyayo hadi chini ya mkorosho, ambako tope lilikuwa halijapigwa na jua. Pale unyayo ulikuwa sentimita 7, una kucha, una umbo la yai. Na haukuwa mmoja: mguu wa nyuma ulikuwa umekanyaga nusu ya alama ya mguu wa mbele, ikawa unyayo mrefu wenye vidole vingi kuliko alivyojaliwa mnyama yeyote. Juani, kingo zilikuwa zimekauka, zikapasuka na kumomonyoka, mashimo mawili yakawa moja, na mmoja ukawa sahani. Walikuwa mbwa, watatu kwa hesabu yetu. Mzee aliwaita vijana wawili waliokuwa wakisema sana, akawaonyesha kwa kidole kutoka kivulini hadi juani, unyayo baada ya unyayo, bila kuwagombeza. Yule bibi alikaa kwake.

Jambo hilo hilo hutokea kwenye theluji. Mwaka 1951 Eric Shipton, mpanda milima Mwingereza, alipiga picha ya unyayo mkubwa mlimani Himalaya, shoka lake la barafu likiwa kando kama kipimo, na picha ile ikawa chanzo cha maneno mengi kuhusu yeti, jitu la theluji linalosimuliwa huko. Maelezo yanayotolewa sana ni haya haya ya mkorosho wetu: jua kuyeyusha kingo, na mguu kukanyaga alama ya mguu mwingine.

Kuna na udanganyifu wa makusudi. Mwaka 1958 huko Bluff Creek, California, nyayo za sentimita 40 zilionekana mahali palipokuwa pakijengwa barabara, na dunia ikapata jina Bigfoot, yaani Mguu Mkubwa, jitu la msituni linalosimuliwa Marekani. Mwaka 2002, baada ya mkandarasi Ray Wallace kufariki, jamaa zake walitoa miguu iliyochongwa kwa mbao wakasema ndiyo aliyoitumia. Mguu wa mbao una dalili: kila unyayo ni sawa na mwenzake, kina ni kile kile penye tope laini na penye tope gumu, na vidole havijikunji penye mwinamo. Mguu hai hujishika. Unateleza, unajipinda, unasukuma tope nyuma.

Kujua alama ni ya lini, weka unyayo wako mwenyewe kando yake. Rudi baada ya saa moja, rudi kesho asubuhi, uone kingo zako zinavyobadilika. Baada ya wiki mbili utakuwa na saa kichwani. Penye kinamasi kuna dalili ya haraka zaidi. Maji yaliyojaa kwenye unyayo yakiwa bado na vumbi la tope, mnyama hajafika mbali. Yakiwa safi, kapita kitambo. Matone ya mvua yakiwa juu ya alama, kapita kabla ya mvua, na saa ya mvua unaijua.

Fuata kinyume

Alama mpya ya mnyama mkubwa usiifuate aendako. Fuata alikotoka. Utajua alilala wapi, alikula nini, alivuka uzio wapi, na hutakutana naye. Msitu ukiwa mzito na upepo ukija kwa nyuma yako, ondoka hata kama ulichokifuata ni unyayo wa sungura, kwa sababu nyati na ndovu hawajui umekuja kwa ajili ya sungura.

Alama zikipotea, tumia fimbo. Weka ncha nyuma ya unyayo wa kwanza, vingirisha mpira wa noti kwenye fimbo pale unyayo unaofuata unapoishia. Huo ndio urefu wa hatua. Ukifika mahali ambapo hakuna alama, weka mpira juu ya unyayo wa mwisho na uizungushe ncha polepole kama akrabu ya saa. Unyayo unaofuata uko ndani ya upinde huo, labda ni jani moja tu lililogeuzwa upande wake wenye unyevu.

Ukikuta tanzi la waya njiani, usilichezee. Piga picha, kumbuka mahali, uwaarifu askari wa wanyamapori. Mitego hiyo inamaliza wanyama wadogo wa msitu huu.

Kumimina plasta

Ondoa majani kwa ncha za vidole bila kugusa kuta za unyayo. Kama kuna maji ndani, yafyonze kwa ncha ya kitambaa, kisha nyunyiza unga mkavu wa plasta juu yake. Kata ukanda wa mtungi wa plastiki, uufanye duara, uuchomeke kuzunguka unyayo. Changanya vikombe viwili vya unga kwa kikombe kimoja cha maji, upate uzito wa unga wa vibibi. Ukiwa mzito kama wa maandazi haufiki kwenye kucha. Usimwage juu ya unyayo. Mwaga pembeni, uache uteleze wenyewe.

Plasta hupata joto inaposhika. Iguse: ikishapoa, iko tayari, na kwenye kinamasi hilo huchukua saa nzima. Chimba chini yake kwa kisu uinue pamoja na udongo. Ukiivuta itavunjika. Tope uliache mpaka kesho, kisha lisugue polepole kwa mswaki wa zamani.

Kama mnyama anakuja usiku na ardhi ya zizi ni ngumu, tandika mchanga uliochekechwa, upana wa mkeka, kwenye njia yake. Lainisha kwa fagio la chelewa na uache hadi alfajiri. Nyama ya chambo usiweke karibu na nyumba.

Alama zisizo nyayo

Mavi meupe yenye vipande vya mifupa ni ya fisi. Rundo la mavi mahali pamoja, lenye mbegu na magamba ya jongoo, ni choo cha fungo. Hurudi pale pale. Mlio wa mtoto anayelia juu ya miti usiku mara nyingi ni komba. Kilima kidogo cha majani makavu chini ya kichaka, na vishimo vidogo vya mviringo vilivyochimbwa kwa pua, ni kazi ya sange wa kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ambaye yuko msitu wa Arabuko-Sokoke na magofu ya Gede, na mahali pengine pachache mno hapa pwani. Watu wanapita Gede kila siku wakimtafuta nunda, na huyu wa ajabu kweli anawakimbia miguuni.

Maana wageni kwa sayansi bado wapo. Kipunji, kima wa nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, alitangazwa na wanasayansi mwaka 2005, ilhali Wanyakyusa walikuwa na jina lake tangu zamani. Sange wa Udzungwa alitangazwa mwaka 2008. Mwaka 2010 zikatoka habari za sange wa namna ya peke yake kwenye msitu wa Boni huku Lamu, aliyenaswa na kamera zilizofungwa kwenye miti.

Kupeleka habari

Mifugo ikiliwa, nenda ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ukiwa na picha, vipimo, na plasta, kabla mzoga haujaoza. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaorodhesha wanyama ambao hasara yao hulipiwa fidia kupitia kamati ya kaunti: simba, chui, fisi, mamba na wengineo. Nunda hayumo, na mbwa wa kufugwa hawamo. Ukiwa mbele ya baraza, toa unachokijua kwa mpangilio: nimepima hivi, vidole hivi, kucha hivi, njia imetoka huku. Wakikuuliza ni nani, na hujui, sema hujui, hata wakikukazania. Pembe, ngozi au mifupa utakayoikuta msituni usiibebe, ni kosa.

Kila plasta iandikwe nyuma kwa penseli kabla haijakauka kabisa: tarehe, mahali, saa, aina ya tope, mvua ya mwisho ilinyesha lini, nani walikuwepo. Nafasi ya jina la mnyama ijazwe mwisho. Ninayo moja iliyotoka ukingo wa ziwa, vidole vitano, sentimita 8, imefungwa kwenye kipande cha leso kabatini. Mzee Msanya ameigeuza mikononi mara mbili na mara zote mbili amenirudishia akitikisa kichwa. Nafasi ile bado ni nyeupe, na masika yakiisha nitarudi pale pale na rula yangu.